Arudishwe Alipochukuliwa

Sajenti ambaye kituo kizima kilimwita Vifungu, kuanzia mkuu wa kituo mpaka mama aliyefagia ukumbi, hakuisoma sheria kwa kukaa dawatini. Aliisoma kwa miguu. Enzi zao chuoni vitabu vilikuwa haba, na mkufunzi wao, mwanamume mwenye koo la tarumbeta, alikuwa na njia yake ya kuhakikisha hakuna kuruta anayetoka pale na kichwa kitupu. Aliwafundisha makosa ya jinai kwenye kwata. Mguu wa kushoto ukigonga chini, kuruta anataja kosa. Wa kulia ukigonga, anataja adhabu yake. Kushoto, kuzurura! Kulia, miezi mitatu! Kushoto, vifaa vya kuvunjia! Kulia, miaka mitano! Walizunguka uwanja hivyo juani, wiki nenda wiki rudi, na mpaka leo ukimwuliza Vifungu adhabu ya kosa lolote utaona kisigino chake kikitikisika kidogo kabla mdomo haujafunguka.

Aliyeionja tabu yake ni mkewe. Siku za mwanzo za ndoa alidhani ameolewa na mtu mwenye maradhi, maana mume alikuwa akipiga mateke usingizini huku akiwahukumu watu asiowajua. Baadaye akazoea, na zaidi ya kuzoea, akaambukizwa. Siku hizi hufua mashuka kwa mdundo ule ule, na akifika kwenye kukamua maji utamsikia akimalizia na wizi wa mifugo.

Basi ikaja Sheria Mpya. Wabunge walikuwa wamevutana juu yake muda mrefu, wengine wakisema inawadekeza wahalifu, wengine wakisema jela zimefurika watu ambao kosa lao ni kuwa fukara, na mwisho ikapita. Kosa la kuzurura likafutwa moja kwa moja. Wezi wa kuku na watukanaji wa mitaani, badala ya kwenda kulishwa jela, wangefagia masoko na kuzibua mitaro ya mji waliouudhi. Askari naye akabanwa: hakuna kumkamata mtu bila kumwambia sababu, na mkamataji akifika kituoni, askari wa kaunta sharti amhoji kwanza yeye kabla ya kumhoji aliyekamatwa.

Watu walitegemea Vifungu anune. Nusu ya kile kilichokuwa miguuni mwake kilikuwa kimefutwa kwa siku moja! Lakini yeye aliipokea kama mtu aliyeletewa viatu vipya. Alikaa na kile kijitabu jioni baada ya jioni, akimsomea mkewe kwa sauti, na mkuu wa kituo alipotafuta mtu wa kuwafundisha askari, hakuangalia huku wala kule.

Alifundishia bwaloni, meza zikiwa zimesukumwa ukutani. Aliwafundisha konstebo vijana wote, na aliyeshika haraka kuliko wote alikuwa binti mmoja wa kaunta, mwembamba, mwenye sauti ndogo na kumbukumbu kubwa.

"Mkamataji akija na mtu wake," Vifungu alimwambia, "unamwuliza maswali mangapi?"

"Matatu, afande. Kosa gani. Sababu ipi. Na je, umemwambia mwenyewe."

"Na mkamataji akiwa mkubwa wako?"

Yule binti akasita. "Namwuliza kwa heshima, afande?"

"Unamwuliza! Heshima utaiweka pembeni, utaikuta baadaye. Hata akija mkuu wa kituo, uliza."

Kifungu kilichozua kicheko bwaloni kilikuwa cha mwisho. Kilisema kwamba mtu akionekana amekamatwa bila kosa, arudishwe pale pale alipochukuliwa, na vitu vyake vyote, na askari yule yule aliyemchukua. Konstebo mmoja wa nyuma akauliza kama watapewa na mita ya teksi. Wakaangua kicheko. Vifungu hakucheka, akawatazama mpaka bwalo likatulia.

"Mtu umemtoa njiani akienda kwao," alisema polepole. "Utamtupa popote tu, kama takataka? Utamrudisha. Na mfuko wake utambebea."

Hakusema zaidi. Wala nyumbani hakulisimulia jambo lililomtia uchungu huo ila mara moja tu, kwa mkewe, walipokuwa bado wageni kwa kila mmoja. Baba yake alikuwa mwashi. Jioni moja alikuwa akirudi kazini na zana zake begani, askari wakamsimamisha. Tindo na nyundo za nini saa hizi? Za kazi. Thibitisha. Sheria ya wakati ule ilimtwika yeye mzigo wa kuthibitisha, na mtu anathibitishaje kwamba anakwenda nyumbani kwake? Akafungwa. Alipotoka walimwachia upande wa pili wa mji, bila zana, akatembea. Vifungu, mtoto wa kimo cha meza, alimwona akiingia mlangoni mikono mitupu. Ajabu ni kwamba jambo lile halikumfanya awachukie askari. Lilimfanya atake kukaa upande ule wenye funguo, ili safari nyingine funguo ziwe kwa mtu anayejua kusikiliza.

Sasa, huyu mtu aliyejua kusikiliza alikuwa na binti, na kwa binti masikio yake yalikuwa yakiziba. Binti alikuwa muuzaji wa duka la dawa, mtu mzima mwenye akili zake, na kila mwanamume aliyediriki kuja pale nyumbani alitoka akiwa na jasho la mshtakiwa. Mwalimu mmoja mpole aliulizwa alikuwa wapi Jumanne iliyopita na nani anaweza kumshuhudia. Hakurudi tena.

Kwa hiyo binti akajifunza kunyamaza. Mwezi ule kabati la dawa kali pale dukani lilikuwa limegoma kufunguka, akaitwa fundi wa vitasa na kufuli. Fundi alilifungua kwa upole kama anayemwamsha mtoto, kisha akaanza kupita kila siku kuangalia kama kabati linaendelea vizuri. Kabati lilikuwa zima kabisa. Wakapendana, na mama akaambiwa. Baba hakuambiwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema hataki kuingia kwa mlango wa nyuma. Atakwenda kwa mzee uso kwa uso, ajitambulishe, aseme shida yake.

Kusema ni rahisi. Jioni ya kwanza alifika getini, akausikia mkohoro wa Vifungu ndani, akageuza. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu aliushika hata mlango wa geti, kisha akauachia, akaenda zake. Jirani wa mkabala, mama ambaye dirisha lake halijui pazia ni nini, akamvizia Vifungu asubuhi.

"Baba, kuna kijana anakuja kusimama getini kwako jioni. Ana mfuko. Anaangalia, anaondoka. Mimi sisemi kitu."

"Umeshasema," alijibu Vifungu, na neno likamkaa rohoni.

Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko yake, na jioni ikafika. Alikuwa ametumwa mkate, amevaa fulana na kandambili, simu ameiacha ndani ikichaji. Wakati huo huo fundi alikuwa amesimama getini kwa mara nyingine, amepiga moyo konde, akisubiri mapigo yatulie abishe hodi. Na kwa kuwa mikono ya fundi haiwezi kukaa bure, macho yake yakaangukia kile kitasa. Kilikuwa kimelegea, kimewekwa na mtu asiyemwogopa Mungu, skrubu zimening'inia. Angeweza kukiacha. Fundi gani anakiacha? Alichomoa bisibisi, akaanza kulegeza skrubu moja ili aikaze upya vizuri, na moyo wake ukaanza kutulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Vifungu alikunja kona na mkate wake kwapani, akakuta mtu ameinama kwenye kitasa chake, bisibisi mkononi.

Wiki nzima ya bwaloni iliyeyuka. Kilichobaki ni uwanja wa kwata. Alimrukia, akamkwida shati kisogoni, na geti likapigwa kishindo.

"Uko chini ya ulinzi!"

Fundi alikuwa amejiandalia hotuba nzuri, ameikariri njia nzima. Yote ikapotea. Lililobaki lilikuwa neno la mwanzo.

"Shikamoo baba."

"Baba yako ni nani? Twende!"

Akamswaga njia nzima, mkono mmoja kwenye shati, mwingine kwenye mkate, kandambili zikipiga lami. Kushoto, kuzurura! Kulia, miezi mitatu! Kushoto, vifaa vya kuvunjia! Kulia, miaka mitano! Wauza nguo wa barabarani wakasimama kutazama. Jikoni, nyuma ya nyumba, mama na binti walikuwa wakikaanga, na kwa mlio wa mafuta hawakusikia kitu mpaka jirani alipoanza kupiga kelele dirishani kwake kwamba kijana wa mfuko amekamatwa. Wakakimbilia geti. Geti halikufunguka: kile kitasa kilichoachwa nusu nusu kilikuwa kimejifyatua na kugoma. Wakapiga simu ya baba, ikalia sebuleni.

Kituoni, nyuma ya kaunta, alikuwepo yule konstebo mwembamba.

"Mwandike huyu," alisema Vifungu, akihema. "Na fungua mahabusu."

Konstebo alishika kalamu. Akaitazama fulana ya mwalimu wake, akautazama mkate, akamtazama fundi aliyekuwa amekauka kama mti. 

"Kosa gani, afande?"

"Kuzurura. Siku ya nne hii, shahidi yupo."

"Afande..." Sauti ndogo ikazidi kuwa ndogo. "Limefutwa, afande."

Kisigino cha Vifungu kilikuwa bado kinacheza. Kikasimama.

"Basi vifaa vya kuvunjia! Nimemkuta ameinamia kitasa changu mwenyewe, bisibisi mkononi. Mwaga huo mfuko uone."

Mfuko ukamwagwa. Bisibisi za kila kimo, koleo, tupa, waya zilizopindwa, na shada la zile wanazoita funguo malaya, zinazoingia kila tundu. Hata mtu mwenye roho nyeupe angetetemeka. Konstebo akamgeukia fundi.

"Kazi yako nini, kaka?"

"Fundi vitasa."

"Na pale getini ulikuwa unafanya nini?"

Fundi alimtazama Vifungu. "Lipo jambo lililonipeleka. Lakini lina adabu yake, dada. Haliwezi kusemwa hapa kwenye kaunta. Mtanisamehe."

"Umeona?" Vifungu akagonga kaunta. "Anaficha! Andika!"

"Ana haki ya kunyamaza, afande."

"Wewe, unajua unaongea na nani?"

"Najua, afande." Kalamu hakuiweka chini. "Naongea na mwalimu wangu. Ulisema hata akija mkuu wa kituo, tuulize. Vifaa vya kazi peke yake havitoshi, sharti nia ithibitishwe, na mzigo wa kuithibitisha ni wetu siyo wake. Ulitusemesha kwa pamoja mara nyingi mpaka mpishi akaja kuchungulia. Swali la pili, afande. Una sababu ipi ya kudhani ana nia mbaya?"

Vifungu angeweza kumfokea, na angeshinda. Angeweza kuzunguka kaunta akaandika mwenyewe, na kesho kijana angepelekwa mahakamani, na hata kama hakimu angemwachia, jina lingekuwa limeshapakwa matope. Mambo hayo hutokea, na hakuna anayeulizwa. Aliinamisha macho ili asimtazame yule binti, yakatua kwenye zile zana.

Mipini ya bisibisi ilikuwa imezungushiwa vipande vya mpira wa baiskeli, kimoja kimoja, kwa mkono, ili isiteleze kiganjani. Mwiko wa uashi wa baba yake ulikuwa umezungushiwa hivyo hivyo. Alikuwa ameusahau ule mpira. Miaka yote aliikumbuka mikono mitupu tu, na hakukumbuka ilichokuwa ikishika.

Aliona haya. Haya ya kweli, na juu yake akaona na kitu kingine kilichomshangaza: fahari. Fahari juu ya yule binti mwenye sauti ndogo, ambaye, kama angekuwepo kaunta jioni ile ya zamani, mwashi mmoja angekula chakula chake kwake.

"Sina sababu," alisema. "Andika hivyo. Hakuna kosa."

"Na swali la tatu, afande..."

"Sikumwambia kitu. Nilimwimbia." Akajifuta uso na fulana. "Andika, mwanangu. Kisha soma cha mwisho."

"Arudishwe alipochukuliwa," alisoma konstebo, "na vitu vyake vyote, na askari yule yule aliyemchukua." Na hapo, kwa mara ya kwanza, tabasamu likamponyoka.

Zana alizirudisha mfukoni Vifungu mwenyewe, moja moja. Fundi alinyoosha mkono aupokee mfuko, akanyimwa.

"Nitabeba mimi. Wewe shika mkate."

Wakatoka. Wauza nguo, waliokuwa hawajamaliza kusimulia ya kwanza, wakapata na ya pili: sajenti aliyepita akimswaga mwizi sasa anarudi amembebea mwizi mfuko, na mwizi amekumbatia mkate. Njia nzima Vifungu hakutaja kifungu hata kimoja. Kandambili zilikwenda kimya. Karibu na kona akakohoa.

"Kijana. Nimekukosea. Nisamehe."

"Yameisha, baba."

"Hayajaisha mpaka nikufikishe."

Getini palikuwa pamefungwa, na nyuma ya bati la geti kulikuwa na minong'ono. Vifungu alimsimamisha fundi kwenye vumbi, akarudi nyuma akamkagua. "Ulikuwa hapa?"

"Mbele kidogo, baba."

"Hapa?"

"Mbele kidogo tena. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa."

"Haya. Nimekurudisha. Sheria inaishia hapo." Akagonga geti. "Mama! Fungua."

"Kufungua tungefungua!" Sauti ya mkewe ilitoka imepanda. "Tumefungiwa humu tangu ulipofanya ushujaa wako! Na mgeni wetu umempeleka wapi?"

"Mgeni gani?"

Minong'ono ikakatika. Kisha akasikia kilio kidogo kinachojizuia, na ilikuwa sauti ya binti yake. Vifungu akakitazama kitasa kilichopinda. Akamtazama fundi, aliyekuwa amekumbatia mkate kifuani na macho ameyaelekeza kule kule ilikotoka ile sauti. Mtu anayewahoji watu kwa kazi huchelewa kuelewa, lakini akielewa huelewa yote kwa mpigo: zile jioni nne, ile shikamoo, lile jambo lenye adabu yake. Kumbe kijana alisimama siku zote hizo akimwogopa yeye. Hata mahabusu ilipomkodolea macho, alikubali kuonekana mwizi kuliko kulitaja jina la binti wa watu kwenye kaunta.

"Kitasa hiki unaweza kukifungua?" aliuliza.

"Naweza, baba. Skrubu moja tu. Lakini..." Fundi aliuangalia mfuko begani kwa sajenti, akasita. "Mbele ya afande?"

"Ngoja kwanza." Vifungu alisimama wima, fulana na kandambili na yote. "Vifaa peke yake havitoshi. Mimi ni askari, sharti niulize. Unataka kufungua geti langu. Nia yako ni nini?"

Fundi aliweka mkate vizuri kwenye mkono wa kushoto, na ile hotuba, iliyokuwa imempotea tangu alipokwidwa, ikarudi yote.

"Nia yangu ni binti yako, baba. Nampenda naye ananipenda, na sikutaka uambiwe na mtu mwingine. Nimekuja kujitambulisha kwako, nikikubaliwa nirudi na wazee wangu, tuoane kwa heshima. Sina nia nyingine kwenye nyumba hii, ila na hiki kitasa, maana kimewekwa vibaya sana."

"Nilimwambia!" alipaza sauti mkewe ndani. "Tangu mwaka jana nilimwambia kitasa kibovu! Kushoto, mgeni! Kulia, chakula kinapoa!"

Vifungu alitaka kucheka, macho yakamwenda kinyume. Kisha akaushusha mfuko, akachuchumaa mbele ya geti lake mwenyewe na kuufungua.

"Nia imethibitika," alisema. "Bisibisi ipi?"

"Ile ndogo, baba. Yenye mpira mweusi."

Akaitafuta, akaipata, akamwekea kijana mkononi.